Nyumba ya Nyasi Iliyoungua Ikasimama Tena: Safari Yangu ya Kasubi, Kampala

Mwezi huu ninawaletea habari ya nyumba moja tu. Lakini kwanza lazima niwaambie ni nini kilinifanya niende kuiangalia.

Siku moja niliwaambia watoto wa darasa la nne wachore nyumba yao. Nilidhani ni somo rahisi. Wengi walichora shitingi, na herufi za msaada juu yake, bila kukosa hata moja. Wachache walichora nyumba ya udongo ambayo baba alijenga hapa hapa kambini. Mtoto mmoja wa kiume aliniletea karatasi nyeupe. Nikamuuliza, "Wewe mbona hukuchora?" Akajibu, "Mwalimu, nyumba yetu iliungua. Kitu kilichoungua hakichorwi."

Darasa lote likanyamaza, na mimi vilevile. Mwalimu anatakiwa awe na jibu, lakini siku ile sikuwa nalo. Nilimrudishia karatasi yake, nikaendelea na hesabu.

Mwaka 2024 nikapata safari ya Kampala kushughulikia karatasi zangu za shule. Wale ambao wamewahi kufuatilia diploma ya Kongo wanajua: tafsiri huku, muhuri kule, halafu unaambiwa "rudi kesho kutwa". Basi siku hizo mbili za kungoja nilikaa kwa kaka yangu wa ukoo anayefanya biashara ndogo ndogo mjini. Nilipomsimulia habari ya yule mtoto, akacheka kidogo, akasema, "Kesho nitakupeleka mahali. Ni nyumba iliyoungua yote, na leo inachorwa mpaka kwenye vitabu."

KWENDA KILIMANI

Mahali penyewe ni Kasubi. Ni kilima ndani ya jiji la Kampala, kama kilometa 5 kutoka katikati ya mji. Tulipanda teksi, yaani ile matatu ndogo wanayoiita teksi huku Uganda, tukashuka karibu na soko la Kasubi, halafu tukapanda kwa miguu. Barabara inaitwa Masiro. Kwa Kiganda masiro ni makaburi ya wafalme. Pembeni kuna maduka ya simu, wauza chapati, boda boda na watoto wenye sare za shule. Huwezi kudhani kwamba mbele yako kuna kitu cha miaka mingi.

Halafu mji unakatika ghafla. Unaona uzio wa matete, migomba, na mashamba. Eneo lote ni zaidi ya hekta 26, na sehemu kubwa bado inalimwa. Nilishangaa. Kampala kila kipande cha ardhi kimejengwa, lakini hapa watu wameacha shamba la mfalme libaki shamba.

Mlango wa kwanza ni nyumba ya walinzi inayoitwa Bujjabukula. Nayo ni ya miti, matete na nyasi. Mgeni hapiti tu kama anaingia sokoni. Ndani kidogo kuna nyumba ya ngoma za kifalme, inaitwa Ndoga-Obukaba. Halafu ndipo unatokea kwenye uwanja mkubwa wa duara, umezungushiwa uzio wa matete pamoja na nyumba ndogo za wanawake walinzi. Mbele yako, peke yake, imekaa nyumba kubwa. Jina lake ni Muzibu Azaala Mpanga.

NYUMBA YENYEWE IKOJE

Ndugu zangu, mimi nilizoea kudhani kwamba nyumba ya nyasi ni nyumba ya mtu aliyekosa mabati. Siku ile nilijisahihisha mwenyewe.

Ile nyumba ni ya duara, na upana wake ni kama mita 31 kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Kwenda juu ni kama mita 7 na nusu. Kutoka mbali inafanana na kichuguu kikubwa, au kikapu kilichofunikwa chini. Nyasi zake zinaanza kileleni na kushuka mpaka karibu na ardhi, nene kuliko urefu wa mkono, zimekatwa ukingoni sawasawa kama nywele za mtu aliyetoka kwa kinyozi. Mlango ni upinde mpana na wa chini, hivyo unalazimika kuinama kabla ya kuingia. Hata mkubwa anainama.

Siku ile sisi tuliangalia kutokea nje. Kijana mmoja Muganda anayeongoza wageni alitueleza, na kaka yangu akanisaidia pale Kiganda kilipozidi. Ndani, alisema, ukiangalia juu unaona pete za matete na nyasi zilizofungwa moja baada ya nyingine, kubwa kwa chini, zikiendelea kupungua mpaka kileleni. Pete hizo ni 52. Kwa nini 52? Kwa sababu Baganda wanahesabu koo 52, na kila ukoo una pete yake katika paa la nyumba hiyo. Hakuna ukoo ulioachwa mvuani.

Nguzo zinavikwa nguo ya gome la mti. Hii nguo inatoka kwenye mti unaoitwa mutuba. Wanabandua gome, wanalilainisha, wanaligonga kwa nyundo za mbao mpaka linatanuka na kuwa laini kama kitambaa, rangi ya udongo mwekundu. Ufundi huo ni wa zamani sana, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa urithi bora wa binadamu. Sakafuni wanatandika nyasi nzuri na mikeka. Viatu vinabaki nje. Mwisho wa chumba kuna pazia refu la gome la mti, na nyuma yake ni mahali panaitwa "msitu". Huko ndiko walikolala wafalme. Mgeni hafiki.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili: kazi ya ile nyumba imegawanywa. Kuezeka nyasi ni kazi ya ukoo wa Mbega, wanaouita Ngeye. Kupamba kwa nguo ya gome ni kazi ya ukoo wa Chui, yaani Ngo. Kutengeneza hiyo nguo yenyewe ni ufundi wa ukoo wa Fisi Maji, yaani Ngonge. Baba anamfundisha mtoto, mtoto anamfundisha mjukuu. Shikeni neno hili, tutalirudia.

WAFALME WANNE, NA WAWILI WALIKUWA KAMA SISI

Nyumba hii haikujengwa iwe kaburi. Kabaka Muteesa wa kwanza aliijenga mwaka 1882 iwe jumba lake la kukaa na kutawala. Alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo. Zamani kila Kabaka alikuwa na kaburi lake mahali pake, lakini baada ya Muteesa wengine watatu wakaletwa hapo kwake: Mwanga wa pili, Daudi Chwa wa pili na Muteesa wa pili. Kwa hiyo ni baba, mtoto, mjukuu na kitukuu chini ya paa moja.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwanga alipigana na Waingereza, akashindwa, akakamatwa mwaka 1899, akapelekwa mbali sana, visiwa vya Shelisheli katikati ya bahari. Alifia huko mwaka 1903. Watu wake hawakumsahau. Mwaka 1910 mabaki yake yakarudishwa nyumbani, yakazikwa Kasubi.

Mjukuu wake, Muteesa wa pili, alitolewa nchini mara mbili. Mwaka 1953 gavana wa Kiingereza alimpeleka Uingereza kwa nguvu, akarudi mwaka 1955. Halafu Mei 1966 jeshi la serikali ya Obote, likiongozwa na Idi Amin, likashambulia jumba lake la Mengo. Kabaka akaruka ukuta akatoroka. Alipita wapi? Alipita Kongo kwetu, akafika Burundi, na kutoka huko akaenda London. Yaani njia tunayotoka sisi tukikimbilia Uganda, mfalme wa Buganda aliipita akikimbilia kwetu. Alifariki London mwaka 1969. Mwili wake ulirudishwa mwaka 1971, na ndipo alipolala sasa.

Nilikaa chini kwenye ule uwanja nikawaza. Hapa kambini tunaona kwamba ukimbizi ni aibu ya watu maskini. Kumbe katika nyumba moja wamelala wafalme wawili waliofia ugenini.

KISWAHILI CHETU KILIFIKA HAPO ZAMANI

Mjini Kampala, ukiongea Kiswahili, wazee wengine wanakuangalia mara mbili. Usikasirike, wana sababu. Kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya askari, na askari hawakuja na zawadi. Hata mimi nilikuwa naongea kwa sauti ya chini pale kilimani.

Yule kijana alipotusikia, akasema, "Ssebo, usiogope. Muteesa mwenyewe alijua Kiswahili." Na ni kweli. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamefika Buganda tangu wakati wa baba yake, Suuna, na Muteesa alijifunza Kiarabu na Kiswahili kutoka kwao. Stanley alipomtembelea mwaka 1875, alikuwa na kijana aliyesoma shule ya wamisionari Unguja, jina lake Dallington Maftaa. Maftaa huyo alimtafsiria mfalme Biblia kwa Kiswahili, na Stanley alipoondoka, yeye akabaki kwa Kabaka kama mwalimu na mwandishi. Mwalimu kijana, mgeni, katika nchi ya watu. Mnaelewa kwa nini nilitabasamu.

USIKU WA MOTO

Tarehe 16 Machi 2010, usiku, moto ulishika ile nyumba. Nyasi kavu na miti ya miaka mingi, mnajua wenyewe moto unafanya nini. Waliokuwa kwenye vilima vya karibu waliona mwanga. Watu walikimbia na ndoo, wengine wakilia barabarani, lakini paa lilianguka ndani. Mambo ya kumbukumbu yaliyokuwa mle, mengi yakaungua.

Kesho yake maneno yakaenea kuliko moto. Huyu anasema ni fulani, yule anasema ni serikali. Rais alipokuja kuangalia, umati ukajaribu kumzuia, askari wakafyatua risasi, na watu wakafa pale. Kuhusu chanzo cha moto, tume iliundwa kuchunguza, na watu wakaendelea kubishana kwa miaka. Mimi sisemi zaidi. Ninasema tu kwamba nyumba iliungua mara moja, lakini waliokufa walikufa kwa sababu ya kilichofuata baada ya moto. Sisi tuliotoka vitani tunajua jinsi uvumi wa usiku mmoja unavyoweza kumaliza kijiji.

Mahali hapo palikuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Mwaka huo huo wa 2010 pakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

WALIJENGAJE TENA?

Hapa ndipo nilipomkumbuka mwanafunzi wangu na karatasi yake nyeupe.

Wangeweza kujenga kwa matofali na mabati, wakamaliza kwa muda mfupi. Hawakutaka. Walisema nyumba irudi ile ile, kwa nyasi, matete na gome la mti. Kazi ilichukua zaidi ya miaka 10. Ilibidi watafute miti inayofaa na nyasi za kutosha, na zaidi ya yote ilibidi watafute watu wanaojua. Wazee wa ukoo wa Mbega waliojua kuezeka hawakuwa wengi, basi vijana wakawekwa karibu nao wajifunze kwa mikono. Kila hatua ilikuwa na mila zake, na fundi hawezi kuruka mila kwa sababu ana haraka. Baganda walichanga, serikali ikachangia, na Japani kupitia UNESCO ikasaidia, hasa upande wa kukinga moto, ili ikitokea tena watu wasibaki na ndoo tupu mkononi.

Wengine watauliza: hii mpya ni nyumba ile ile kweli? Na mimi niliuliza. Yule kijana akanijibu kwamba hata zamani nyasi zilikuwa zinabadilishwa kila zikichoka, na katika matengenezo ya miaka ya 1930 walikwisha kutia chuma na saruji ndani ili kusaidia nguzo. Nyasi za 1882 hazikuwapo hata kabla ya moto. Kilichodumu ni mahali, umbo, na ujuzi wa kuijenga. Akasema, "Nyumba ilikuwa kwenye mikono ya watu. Moto haukufika huko."

Mwezi Septemba 2023, kwenye mkutano wa Riyadh, UNESCO ikaiondoa Kasubi kwenye orodha ya hatari.

Tuliporudi chini tulipita mbele ya nyumba ndogo za wanawake walinzi. Hao wanashika nafasi ya wake wa Makabaka, na wanakaa kwa zamu kulinda mahali hapo. Mama mmoja mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja upande mmoja kwa heshima, anasuka. Kaka yangu alipiga magoti kidogo kumsalimia, mimi nikafuata. Mama akauliza tumetoka wapi. Kaka akamwambia, Kongo. Akatingisha kichwa, akasema maneno machache kwa Kiganda. Kaka akanitafsiria: "Anasema poleni, na karibuni nyumbani."

NILIPORUDI DARASANI

Karatasi zangu za shule bado hazijatoka. Lakini niliporudi kambini nilienda kwanza kwa babu yake yule mtoto, mzee anayekaa karibu na bomba la maji. Nikamwomba, "Babu, hebu niambie nyumba yenu ya kule ilijengwaje?" Alinyamaza kwanza. Halafu akaanza, na hakusimama mpaka giza. Nguzo za mikaratusi, lakini ile iliyokatwa wakati wa jua, siyo wakati wa mvua, maana hiyo ya mvua inaliwa na wadudu. Matete ya kufunga, kutoka mtoni. Udongo wa kufinyanga, ukachanganywa na miguu ya majirani siku moja, wanaume, wanawake na watoto, kwa salongo. Nikamwambia Baganda nao wana kazi kama hiyo ya pamoja, wanaiita bulungi bwansi. Akacheka, akasema, "Basi hata hawa ni watu wetu."

Mjukuu alikuwa amekaa nyuma yake, anasikiliza. Alikuwa hajawahi kusikia hayo. Alikimbia kwao akiwa mdogo, na alichokumbuka ni moto tu. Wiki iliyofuata aliniletea karatasi. Alikuwa amechora nyumba yenye mlango mmoja na madirisha mawili, mti wa parachichi pembeni, na watu wengi wakikanyaga udongo kwa miguu. Sikumpa maksi. Niliibandika ukutani.

Wazazi wangu na wakubwa wangu, hii ndiyo sababu nimeandika. Wengi wetu hatupendi kuwasimulia watoto habari za nyumba kwa sababu inauma. Tunawaambia tu iliungua, basi. Ninawaomba mwezi huu, jioni moja, mwambie mtoto nyumba ilijengwaje: mti gani, nyasi gani au mabati, nani alichimba msingi, nani alileta maji, bibi alikuwa anakaa wapi. Anayejua kusuka mikeka, kuezeka au kufinyanga, amwite mtoto akae karibu aone mikono yake. Tukirudi siku moja, au tukienda nchi nyingine, au tukibaki hapa hapa, hao ndio watakaojenga.

Na jambo dogo la mwisho, kwa kuwa tumezungumza moto: kiangazi kimekaribia. Usiache jiko la makaa ndani ya nyumba usiku, weka mchanga au maji karibu na mlango, na mshumaa usiusimamishe karibu na shitingi. Baganda wamejifunza kwa gharama kubwa. Sisi tujifunze kwa kusoma.

Mwenye mchoro wa mtoto wake alete shuleni, tutaubandika. Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.